Kilichokaa Kwenye Kalavati

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa ubishi kuhusu mabuti. Msimamizi wa mitaro alirudi kazini jioni, akavua mabuti yake ya mpira kizingitini, na mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, akamwambia:

"Yageuze yaangalie ukutani. Sitaki yanione."

"Mabuti hayana macho, mke wangu."

"Afadhali. Yangekuwa na pua yangekufa zamani."

Alikuwa mwanamke wa kuongea. Aliongea akikata kitambaa, aliongea akitunga uzi, aliongea na mumewe kupitia mlango wa bafu wakati mumewe anaoga. Alimsimulia habari za wateja, nani kanenepa na hataki kukubali, nani kaleta gauni la harusi lipanuliwe kabla ya harusi yenyewe. Mumewe alimwita redio. Yeye alimwita mumewe Injinia, kwa sababu alikuwa na cheti cha ufundi na si zaidi ya hapo, na alilitamka neno hilo mbele ya watu kwa heshima kubwa mno hata ikawa kejeli.

Jioni ile msimamizi alioga akimsikiliza. Alipomaliza, maji yalishuka kwenye tundu la sakafu kama siku zote. Yalitulia. Kisha yakarudi.

Maji kurudi halikuwa jambo la kumtisha mtu wa kazi yake. Maji hurudi njia ikiziba. Lakini haya yalirudi ya moto, yakaleta juu duara moja la mafuta lenye ukubwa wa jicho, na katikati ya duara lile kulikuwa na unywele. Aliuvuta. Ulikuwa mrefu, ukaendelea kuja, na ulikuwa na utelezi kama wa kitu kilichotoka mdomoni. Mkewe alikuwa na nywele fupi kama brashi.

"Injinia, umezama?" mkewe aliita kutoka nje.

"Natoka," alijibu, akautupa unywele ule dirishani. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Hakumwambia kitu. Alikuwa anajua umetoka wapi.

Mchana wa siku ile walikuwa wamesafisha mtaro wa barabara ya maduka. Mtaro husafishwa kuanzia chini. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi: unaanza pale maji yanapotokea, unafungua mlango, ndipo unapanda kuelekea juu, ili kila unachokilegeza kipate pa kwenda. Ukianzia juu husafishi, unahamisha tu uchafu wa mtu huyu na kumpelekea mtu yule. Msimamizi alikuwa ameyafundisha hayo kwa vibarua wote waliopita mikononi mwake. Lakini mawingu yalikuwa yameshuka hadi usawa wa paa, mwenye mkahawa alikuwa anapiga kelele kwamba mvua ikinyesha wateja wake watakula huku wakielea, msusi wa mlango wa pili naye alikuwa na kelele zake, na ofisi ilikuwa inapiga simu.

"Anzeni hapa hapa," msimamizi alisema.

Kibarua mmoja mwenye mwili mkubwa, waliyemwita Kifua, aliegemea mtaimbo wake. "Huku juu, mkuu?"

"Huku juu. Chini tutamalizia kesho."

Chini maana yake ilikuwa kalavati lililopita chini ya barabara ya mtaa wake mwenyewe, kando ya nyumba yake.

Waliponyanyua mfuniko mbele ya mkahawa, walikuta mtaro umejaa kitu kimoja kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuta ya mkahawa yalikuwa yamemwagwa humo kwa miaka, yakapoa, yakaganda. Nywele za msusi zilikuwa zimeyafunga kama nyuzi zinavyofunga godoro. Ndani yake mlikuwa na nepi, mifuko, vipande vya sponji, meno ya vitana. Kilikuwa na rangi ya utumbo uliooshwa, na juu kilikuwa na unyevu na mikunjo kama kaakaa la mdomo. Kifua alikichoma kwa mtaimbo. Mtaimbo ulizama hadi kwenye ngumi yake, na alipouvuta, kile kitu kiliufuata, kikiubana, kikitoa mlio.

"Kinanyonya," mtu mmoja alisema.

Pumzi ikawajia usoni, ya moto, yenye harufu ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi na mafuta ya nywele na, chini ya hizo mbili, harufu tamu ambayo hakuna aliyetaka kuitaja. Mmoja wao alitapika ndani ya glovu yake. Ndipo kile kitu kikasogea. Mvua ilikuwa bado, hapakuwa na maji nyuma yake ya kukisukuma. Kilijikunja, kikajifanya chembamba, kikateremka mtaroni polepole, kikitoa sauti ya mtu anayemeza tonge lililomzidi.

Kifua alikuwa wa kwanza kusema. "Kimehama chenyewe. Laiti wapangaji wangu wangekuwa na adabu hiyo."

Walicheka, kila mmoja akiangalia upande wake. Kisha wakapakia vifaa. Mtaro ulikuwa mweupe, mwenye mkahawa alishukuru, na msimamizi alirudi nyumbani kugombana kuhusu mabuti.

Kesho yake mvua ilianza, hawakwenda chini.

Harufu iliingia nyumbani kabla ya kitu kingine chochote. Msimamizi alikuwa hasikii tena harufu ya mitaro, pua yake ilikwisha kusamehe. Hii aliisikia. Ilikuwa kwenye taulo, kwenye maji ya mtungi, kwenye mkate uliotoka dukani ukiwa umefungwa. Mkewe aliuvunja mkate mezani, na vipande viwili havikuachana, vilishikwa na nywele zilizopita katikati kama mishono. Aliusukuma mbali kwa kisu.

"Huyu mwoka mikate sasa anasuka," alisema. Lakini hakucheka, na mkono wake ulikuwa kooni.

"Una nini?"

"Sijui. Kuna kitu hapa. Kama nimemeza pamba."

Akaanza kukohoa. Alikohoa kutwa, kikohozi cha mtu anayetaka kutoa kitu, si cha mafua. Asubuhi moja alikuja mbele ya mumewe, akaketi, akafungua mdomo bila kusema neno. Msimamizi akamulika kwa tochi. Nyuma ya ulimi, ikiwa imelala kwenye mate mazito yenye rangi ya mafuta ya taa, kulikuwa na ncha ya unywele. Aliushika kwa vidole viwili, akavuta. Ulikuja, na nyuma yake ukaja mwingine umeshikana nao, na zote zilikuwa zimepakwa kitu cheupe kizito kilichokakamaa pale pale kilipoguswa na hewa, kama mafuta yanavyoganda kwenye sufuria isiyooshwa. Mkewe alikuwa amemshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtiririka, hasogei. Alipoziondoa zote, alimtazama mkewe, na mkewe akajaribu kutabasamu.

"Sasa utanishonea wigi," alisema, kwa sauti iliyokwaruza.

Daktari wa zahanati aliangalia, akasema koo limevimba, akaandika dawa. Vidonge havikushuka. Chakula hakikushuka. Maji yalishuka kidogo, yakatulia, kisha yakarudi, na msimamizi alipoyaona yakirudi kwenye mdomo wa mkewe, ya moto, na duara la mafuta juu yake, alilazimika kutoka nje na kushika ukuta.

Halafu sauti ikakatika. Haikukatika kwa siku moja. Ilikuwa ikipungua kila alipoitumia, hadi jioni moja mkewe alifungua mdomo kumwambia jambo na hapakutoka kitu, hata mnong'ono. Cherehani ilinyamaza. Nyumba ikawa na ukimya ambao msimamizi hakuujua, na ndani ya ukimya ule ndipo alipoanza kusikia kwamba bafuni kuna mtu anaongea. Ilikuwa sauti ndogo sana, kama redio iliyopunguzwa hadi mwisho katika nyumba ya jirani. Alipiga magoti kwenye sakafu ya bafu, akainamia tundu. Harufu tamu ilimgonga usoni. Hakuweza kupata maneno, ila mwendo wa maneno ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayesimulia habari za wateja.

Alimwambia Kifua. Hakuwa na mwingine wa kumwambia. Kifua hakufanya mzaha.

"Shangazi yangu ni mwosha maiti," alisema. "Lakini hata walio hai humwita, mambo yakiwa ya namna hii. Nimlete?"

"Mlete."

Mwosha alikuja mvua ikinyesha, mwanamke mnene mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji. Alisimama mlangoni akavuta hewa, akafanya uso wa mtu aliyeonja kitu kibovu.

"Kiko hapa," alisema. "Mama weee. Kimeshiba hicho."

Alimkalisha mgonjwa, akaingiza kidole kooni kwake kama fundi anayepima bomba, akakitoa, akakinusa, akakipangusa kwenye kitambaa chake mwenyewe.

"Mlikitoa wapi?"

"Mtaroni, mama. Barabara ya maduka."

"Majini wengine hupita tu. Wengine huingia kwa hasira, ukiwaomba radhi hutoka. Huyu hana hasira na mtu. Huyu hukaa. Hupenda mahali pembamba, pale vitu vinapotakiwa kupita, anakaa hapo ananenepa. Mlimnyanyua alipokuwa amekaa, sawa, ni kazi yenu. Mlimfungulia njia ya kwenda wapi?"

Msimamizi alimtazama mkewe, si mwosha. "Ya kuja hapa. Tulianzia juu."

Mkewe alifumba macho, kisha akanyoosha mkono akamgusa goti.

"Kwa hiyo kiko chini ya barabara hapo nje," mwosha alisema. "Hiki cha kooni ni kidole chake tu. Kikitoka kule, na hiki kitatoka. Lakini ni leo, mwanangu. Msikilize anavyovuta pumzi. Hizo si pumzi za kufikia kesho."

"Barabara imejaa maji, mama."

"Nimeona. Nimevuka na viatu mkononi. Na usiniambie nivuke tena."

Nje, mchana ulikuwa na giza la jioni, na barabara ilikuwa imekuwa mto wa maji ya rangi ya chai yaliyobeba chupa na majani na povu zito la kijivu lililong'ang'ania miguu ya watu. Msimamizi, akiwa na Kifua, alianza kwa kuwalinda wapita njia. Alichomeka fito zenye vitambaa vyekundu pande zote za tundu la maji la upande wa juu, ambalo lilikuwa halionekani tena ila kwa mzunguko mdogo wa maji juu yake, akafunga kamba kuzuia njia, akamrudisha mwalimu mmoja aliyekuwa anavuka na mkoba kichwani.

"Yananifika magotini tu," mwalimu alisema.

"Magotini yanatosha kukuangusha, mwalimu. Na hujui chini ya mguu wako kuna nini. Rudi. Pitia juu."

Mwalimu alirudi akinung'unika. Hapo ndipo sauti ilipoita.

"Mume wangu. Fungua hapa. Nakabwa."

Ilitoka kwenye tundu lile, chini ya maji, ikiwa safi kama mtu aliyesimama dirishani, na ilikuwa sauti ya mkewe yote, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa asubuhi, pamoja na subira ya mtu aliyezoea kuita mara nyingi kabla ya kuitikiwa. Kifua aligeuka, uso umembadilika.

"Shemeji yuko ndani! Mkuu, shemeji kaangukia humu!" Tayari alikuwa ameshika mtaimbo, anatafuta ukingo wa mfuniko kwa mguu. Msimamizi alimrukia, akamshika mkanda.

"Yuko nyumbani na shangazi yako."

"Namsikia!"

"Mke wangu hana sauti, Kifua. Hana sauti tangu juzi. Ukifungua mfuniko huu huku maji yamejaa, unaondoka nao. Nimeshawahi kumtoa mtu aliyefanya hivyo. Twende chini."

"Injinia," ilisema sauti, kwa upole. "Utaniacha?"

Msimamizi alikuwa hajaisikia sauti ile wazi tangu juzi, na sasa aliipa mgongo, akatembea, akiwa anajua kwamba kila hatua inamwondoa kwenye kitu alichokuwa anakitaka kuliko kupumua, huku nyuma yake ikiendelea kumwita jina lile la kejeli kwa sauti isiyo na kejeli hata kidogo.

Mdomo wa chini wa kalavati ulitokea kwenye ukingo wa mto, na juu yake palikuwa na wavu wa chuma. Katika mvua ile ungetarajia maji yatoke kwa kishindo. Yalikuwa yanadondoka. Walifunga kamba kwenye nguzo ya zege na viunoni mwao, wakasimama pembeni, kila mmoja upande wake, kwa sababu hakuna anayesimama mbele ya kalavati lililoziba na akatoka salama. Walitia ndoana za chuma kwenye wavu wakavuta. Nyuma ya wavu kulikuwa na kitu cheupe kilichobana matundu yote, kikipanda na kushuka, na kila kiliposhuka kilichungulia katikati ya vyuma kama nyama inavyochungulia kwenye kiatu kinachobana, na wavu ulipong'oka upande mmoja Kifua aliteleza, mkono wake ukaingia ndani yake hadi kiwikoni, akapiga yowe, si la maumivu bali la kinyaa, yowe la mtu aliyeguswa na ulimi, akauvuta mkono ukatoka umevishwa nywele na mafuta kama soksi, na kile kitu, kikiwa kimeonja hewa, kikaanza kuja.

Kilikuja kwa muda mrefu. Kilikuja kikijikunja na kujikunjua, kikiwa na nepi na meno ya vitana yaliyopangika ndani ya mikunjo yake kana kwamba yaliota humo, kikitokwa na jasho la mafuta ya njano, na kilipompitia msimamizi, karibu kiasi kwamba kilimpangusa paja na kuacha hapo joto ambalo halitatoka kwa sabuni yoyote, mkunjo mmoja ulifunguka kama mdomo, mwekundu ndani, na kutoka humo sauti ya mkewe ikasema, bila haraka, kama mtu aliyekatizwa na sasa anaendelea, kwamba yule mama wa gauni la bluu karudi tena, anataka kola ipunguzwe, na je, umekula?

Kisha kikaangukia mtoni, kikatandazika, kikaenda na maji. Nyuma yake kalavati likaachia, na maji ya barabara nzima yakapita kwa ngurumo, meusi, kisha ya kahawia, kisha maji tu. Kifua alikuwa ameketi kwenye tope akisugua mkono wake kwa mchanga hadi ukatoka damu.

Nyumbani, mwosha alikuwa na beseni mapajani. Ndani yake kulikuwa na nywele zilizojisokota kama kamba ya kufungia ng'ombe, nene, na bado zilikuwa zinatoa mvuke. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, anapumua hadi chini ya mbavu. Mwosha alimpa kikombe. Alikunywa. Maji yalishuka, wote watatu wakangoja, na hayakurudi.

Msimamizi alikaa sakafuni miguuni kwake, na nguo zake chafu, na mkewe hakumfukuza. Alimshika kichwa. Alifungua mdomo kumwambia kitu. Alijaribu tena, akajishika koo, akamtazama mwosha.

"Koo ni safi," mwosha alisema taratibu. "Nimepitisha kidole chote. Hakuna kitu."

"Basi mbona hasemi, mama?"

"Kimeondoka nayo, mwanangu. Kilikuwa kinaila tangu mwanzo. Shukuru kimemwachia pumzi." Alifunika beseni kwa kitambaa, akaondoka nalo, akakataa kusindikizwa.

Asubuhi yake msimamizi aliamshwa na mkewe akiongea bafuni. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtu mwenye furaha. Halafu akageuka, akamwona mkewe amelala kando yake, macho wazi, anasikiliza.

"Umeamka?" iliuliza sauti kutoka kwenye tundu. "Injinia. Mvua imekatika. Njoo nikuambie."

Kile kitu kilikwenda na mto, lakini kumbe kidole chake kingine kilikuwa kimebaki bombani. Msimamizi alitoka nje, akachukua saruji iliyobaki walipojenga ngazi, akachukua mwiko na karai. Alipiga magoti bafuni. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuziba tundu la maji. Alijua vizuri anachokifanya: njia iliyozibwa ni mahali pa kukaa, na mwosha alikuwa ameshamweleza nani hupenda mahali pa kukaa. Lakini sauti ilikuwa inaongea, inacheka kidogo katikati ya maneno vile vile ilivyokuwa ikicheka, inamsimulia bwana harusi aliyekuja kupimwa suruali akiwa amevuta tumbo ndani, na ikitoka na kila neno ile harufu ya mafuta na utamu, na yeye alikuwa anajikuta ameinama zaidi, na zaidi, ili asikie mwisho wake.

Mkewe aliingia na ndoo ya maji ya kuchanganyia. Aliiweka chini. Alisimama akisikiliza habari ya bwana harusi, habari yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, mdomo wake ukifuata maneno bila kutoa kitu. Kisha akamimina maji kwenye karai.

Msimamizi alikoroga. Alimimina saruji kwenye tundu, akashindilia kwa mwiko, akamimina tena. Sauti iliendelea chini yake, nzito sasa, ya mbali, "halafu nikamwambia, pumua, baba, pumua, suruali haiwezi—" naye akashindilia kwa kiganja, kwa uzito wake wote, akasawazisha juu, akabaki amekandamiza pale pale mpaka ilipoanza kushika.